Ugali na maharagwe si maadui tumboni mwako

Asubuhi moja mwaka jana aliingia katika kliniki yangu mama wa mtoto mmoja, mkazi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, akiwa na mimba ya miezi sita. Alilalamika kwamba anachoka kabla ya kumaliza kufua nguo za mtoto, moyo unamwenda mbio akipanda ngazi za ghorofa, na kila akipita sokoni hana budi kununua yale mawe laini ya kutafuna. Nilivuta ukope wa chini wa jicho lake nikatazama. Mahali palipopaswa kuwa pekundu palikuwa peupe. Damu ilipopimwa, kiwango kilikuwa gramu 7.2 kwa desilita. Mama mjamzito hutarajiwa kuwa na 11 au zaidi.

Nilimwuliza, "Mama, nyumbani unakula nini?"

Hakunijibu kwa mdomo. Alifungua mkoba akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, nakala ya nakala, maandishi yake yamefifia. Palikuwa na jedwali. Upande mmoja vyakula vya wanga: ugali, wali, viazi, ndizi, nduma. Upande wa pili vyakula vya protini: maharagwe, ndengu, nyama, samaki, mayai, maziwa. Chini kabisa matunda, yaliyopewa sanduku lao peke yao. Na juu ya yote hayo, kwa herufi kubwa, onyo: USICHANGANYE.

"Nilikuwa na kiungulia na gesi, daktari," alisema. "Rafiki yangu akaniambia ni kwa sababu nachanganya vyakula ovyo, vinaozea tumboni."

Basi kwa muda wa miezi mitano mama huyu alikula ugali kwa kabeji bila maharagwe wala omena. Maharagwe aliyala mara moja kwa wiki, peke yake. Machungwa aliyala alfajiri tu, tumbo likiwa tupu. Chai, kwa kuwa haikutajwa kwenye karatasi, aliinywa wakati wote, nzito, pamoja na kila mlo.

Msomaji, huenda nawe umeiona karatasi kama hiyo, au umetumiwa ujumbe wake kwenye simu na mtu anayekutakia mema. Kila mwezi sikosi mgonjwa wa kuniuliza kama ni kweli nyama haifai kuliwa na ugali, au kama ni kweli papai baada ya wali hugeuka sumu. Ndiyo maana leo nataka tulizungumze jambo hili la kuchanganya vyakula, kwa sababu ndani yake kuna mambo ya kweli yenye faida kubwa, lakini si yale yaliyoandikwa kwenye karatasi ile.

Fununu hii ilitoka wapi?

Wazo la kutenganisha wanga na protini lilienezwa na daktari mmoja wa Marekani, William Howard Hay, katika miaka ya 1920 na 1930. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Protini, alisema, huhitaji asidi ili isagike; wanga huhitaji hali isiyo na asidi. Ukivitia vyote viwili tumboni kwa pamoja, kimoja kitamzuia mwenzake, chakula kitachacha na mwili utajaa sumu.

Hoja hiyo inavutia, na nusu yake ni kweli. Kosa ni kudhani kwamba kazi yote hufanyika katika chumba kimoja. Chakula husafiri, na kila kituo kina kazi yake.

Wanga huanza kusagwa mdomoni kwa mate. Ndiyo sababu ukitafuna kipande cha mkate kwa muda mrefu utaonja utamu. Chakula kikifika tumboni hukutana na asidi kali inayoanza kazi ya kuvunja protini na kuua wadudu wengi tuliowameza bila kujua. Kisha tumbo hulegeza mlango wake na kutoa uji huo kidogo kidogo kuingia utumbo mwembamba. Hapo asidi huzimwa. Mwaka 1902, huko London, William Bayliss na Ernest Starling walionyesha namna inavyozimwa: asidi ikigusa ukuta wa utumbo, utumbo hutuma ujumbe kwa njia ya damu hadi kwenye kongosho, nalo kongosho humwaga maji yenye uwezo wa kuipoza asidi hiyo. Ndani ya maji hayo mna vimeng'enya vya wanga, vya protini na vya mafuta, vyote kwa wakati mmoja. Nyongo kutoka kwenye ini huja kusaidia upande wa mafuta.

Kwa maneno mengine, daktari Hay aliposema mwili hauwezi kushughulikia mchanganyiko, jibu lilikuwa limekwisha kupatikana miaka mingi kabla. Kongosho lako halingoji umalize ugali ndipo lianze nyama.

Tena mwaka 2000 watafiti wa Geneva, Uswisi, walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa watu wanene 54. Kwa wiki sita wote walipewa chakula kidogo, takriban kalori 1,100 kwa siku. Kundi moja lilikula vyakula vilivyotenganishwa, jingine likala vilivyochanganywa. Waliotenganisha walipungua kilo 6.2 kwa wastani na waliochanganya kilo 7.5, tofauti ambayo kitaalamu haina uzito. Kilichowapunguza ni uchache wa chakula, wala si mpangilio wake.

Lakini hata bila majaribio ya Wazungu, chukua punje moja ya haragwe. Katika gramu 100 za maharagwe makavu mna zaidi ya gramu 20 za protini na takriban gramu 60 za wanga na nyuzinyuzi. Mahindi nayo yana protini, kama gramu 9. Maziwa ya mama, ambayo mtoto mchanga huishi kwayo bila kitu kingine kwa miezi sita, yana sukari, mafuta na protini katika tone moja. Anayesema wanga na protini visikutane atuambie basi haragwe lenyewe tulipasueje.

Sufuria ya githeri ilivyo na hekima

Protini hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi za amino. Baadhi yake mwili hauwezi kujitengenezea, ni lazima zitoke kwenye chakula. Mahindi yana upungufu wa moja ya hizo, iitwayo laisini. Maharagwe yana laisini tele, lakini yamepungukiwa na nyingine, methionini, ambayo mahindi yanayo. Kila kimoja ni kama kiatu cha mguu mmoja. Viweke katika sufuria moja, takriban sehemu mbili za mahindi kwa sehemu moja ya maharagwe, na utapata protini inayokaribia ile ya nyama kwa ubora, kwa bei ambayo mfuko wa mfanyakazi wa kawaida unaimudu.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa githeri, kwa ugali na ndengu, kwa chapati na kamande, kwa wali na mbaazi za nazi kule Pwani. Si lazima viingie kinywani kwa tonge moja. Vikiliwa siku hiyo hiyo inatosha kwa mtu mzima. Ila kwa mtoto mdogo, ambaye tumbo lake ni dogo na hali mara nyingi, ni afadhali viwe pamoja. Mzazi anayemnyima mtoto wa miaka miwili maharagwe kwa kuwa leo ni siku ya ugali anampunguzia mtoto huyo protini ya kumkuza, na madhara yake hayaonekani upesi.

Mboga, mafuta na ndimu

Sasa tuje kwenye michanganyiko ambayo kwa kweli ina maana.

Sukuma wiki, kunde, terere, managu na karoti zina kiini ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, ile inayolinda macho na ngozi. Kiini hicho huyeyuka katika mafuta, hakiyeyuki katika maji. Mtu anayechemsha mboga kwa maji matupu, akidhani ndiyo afya, hupoteza sehemu kubwa ya faida hiyo chooni. Si lazima mboga ziogelee. Kijiko kimoja au viwili vya mafuta ya kupikia kwa sufuria ya familia, au kipande cha avokado kando ya sahani, au njugu karanga zilizopondwa kama wapikavyo wengi Magharibi mwa Kenya, vinatosha.

Mboga hizo hizo zina madini ya chuma, na ndiyo yanayotengeneza damu. Lakini chuma cha mimea ni kizito kuingia mwilini. Hapa ndipo mpangilio wa chakula unapoweza kumwinua mtu au kumwangusha. Vitamini C hukifungulia mlango: ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga, nyanya mbichi za kachumbari, chungwa, pera, papai au embe linaloliwa pamoja na mlo au mara tu baada yake. Nyama kidogo au samaki husaidia pia. Hata omena wachache waliotiwa kwenye mboga wana kazi hiyo.

Chai hufanya kinyume. Ule ukali wa majani ya chai, unaokausha ulimi, hushika chuma na kukizuia kisipite. Kikombe kimoja cha chai kinywewacho pamoja na mlo wa mimea kinaweza kupunguza chuma kinachoingia mwilini kwa zaidi ya nusu. Kahawa nayo ina tabia hiyo, na maziwa yaliyomo ndani ya chai hayaondoi tatizo. Sikwambii uache chai, msomaji. Mimi mwenyewe siwezi kuanza kazi bila kikombe. Nasema kipishe chakula: ngoja saa moja hivi baada ya kula, au kinywe katikati ya asubuhi. Anayepaswa kujihadhari zaidi ni mjamzito, msichana aliyevunja ungo, mama anayetoka damu nyingi ya mwezi, na mtoto mdogo. Mtoto wa mwaka mmoja hana haja ya chai ya rangi hata kidogo.

Sasa mtazame tena yule mama wa kliniki. Matunda aliyaweka mbali na mboga, pale yasipoweza kumsaidia. Chai akaiweka katikati ya sahani, pale ilipoweza kumdhuru. Maharagwe na omena akaviondoa. Karatasi ile ilimpangia chakula kwa namna ambayo hata adui wa damu yake asingeipanga vizuri zaidi. Na kiungulia chake? Kilitokana na mimba. Homoni za ujauzito hulegeza mlango wa juu wa tumbo, na mtoto anapokua husukuma kila kitu juu.

Matunda baada ya chakula hayaozi

Huulizwa sana juu ya jambo hili, kwa hiyo nilipitie upesi. Tumbo lenye asidi si mahali pa kuozea kitu. Tunda likiliwa baada ya wali litasubiri pamoja na wali, kisha litaendelea na safari. Maji ya kunywa wakati wa kula nayo hayazimi asidi ya tumbo; tumbo huongeza nyingine. Mwenye kiungulia anaweza kuchomwa na machungwa au nanasi, na mwenye kisukari inambidi ahesabu kiasi cha matunda, lakini hayo ni mambo mengine kabisa.

Kwa nini basi tumbo linajaa gesi?

Mtu anayesema tumbo lake linajaa baada ya githeri hasemi uongo. Gesi ipo. Sababu yake ni kwamba maharagwe yana aina fulani za sukari ambazo utumbo mwembamba wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinapita salama hadi utumbo mpana, na huko bakteria huzishambulia kwa furaha na kutoa hewa. Ungeyala maharagwe hayo peke yake kwenye sahani ya fedha, hewa ingetoka vile vile.

Dawa yake iko jikoni. Loweka maharagwe usiku kucha, saa nane hadi kumi na mbili, mwaga maji hayo, suuza, kisha pika kwa maji mapya. Sehemu nzuri ya zile sukari huondoka na maji uliyomwaga. Anza kwa kiasi kidogo ikiwa hukuzoea, na tumbo litazoea baada ya wiki chache. Ndengu na kamande huwa nyepesi kuliko maharagwe mekundu makubwa.

Na uyapike yaive kabisa. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili ambayo punje chache tu zinaweza kumtapisha mtu na kumwendesha baada ya saa moja hadi tatu. Sumu hiyo huharibiwa kwa kuchemsha sana, maji yakitokota kweli kweli kwa dakika kumi au zaidi mwanzoni, kisha uendelee hadi yalainike. Moto wa kufufutika hautoshi. Tusisahau pia kwamba Nairobi iko juu, na maji huku hutokota kwenye digrii 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo kupika huchukua muda zaidi kuliko Mombasa. Najua bei ya makaa na gesi. Kuloweka kunapunguza muda wa moto, nayo maharagwe yaliyochemshwa kwa wingi Jumapili yanaweza kugawanywa na kuwekwa kwenye friji.

Wengi hutia magadi ili yaive upesi. Kidogo kitalainisha kweli, lakini magadi huharibu vitamini B1 na huongeza chumvi ya sodiamu, ambayo mwenye shinikizo la damu hapaswi kuongezewa. Ningekushauri uloweke badala yake.

Maziwa nayo yana kesi yake. Binadamu wengi wanapokua hupoteza kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Tanzania, Kenya na Sudan, ulioonyesha kwamba jamii za wafugaji zina mabadiliko katika chembe za urithi yanayowawezesha watu wazima kunywa maziwa bila shida. Ikiwa wewe si mmoja wao, glasi ya maziwa mabichi yaliyochemshwa itakuletea gesi na kuhara, hata ukiinywa na kitu gani. Jaribu maziwa lala au mtindi. Bakteria wa kugandisha wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo kwa niaba yako. Hali kadhalika uji wa wimbi au mtama uliochachushwa siku moja mbili, kama walivyofanya bibi zetu, huachilia chuma chake kwa wepesi kuliko ule wa unga uliokorogwa papo hapo.

Kwa kiungulia cha kawaida, angalia zaidi saa na kiasi. Mafuta hukawiza tumbo kufungua mlango. Chipsi na nyama choma saa nne za usiku, kisha kitandani saa nne na nusu, ni mwaliko wa asidi kupanda kooni. Kula mapema, saa mbili tatu kabla ya kulala, na kiasi kinachokuacha na nafasi kidogo.

Maumivu yasiyotokana na sahani

Hapa nina jambo la kukiri. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja alinijia na malalamiko ya chakula kukwama kifuani. Aliamini ni kwa sababu ya kula nyama na ugali pamoja, akawa ameacha nyama, kisha akaacha ugali, akabaki na uji. Kliniki ilikuwa imejaa. Nilimpa dawa ya kupunguza asidi nikamwambia arudi. Sikumpima uzito. Sikumwuliza kama alianza kwa kushindwa na vyakula vigumu kisha laini. Aliporudi baada ya miezi mitatu suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba. Kipimo cha kamera kilionyesha saratani ya umio, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazowaua Wakenya wengi. Sina hakika miezi mitatu ile ingemwokoa, lakini tangu siku hiyo mizani iko karibu na kiti changu.

Kwa hiyo usikubali mtu yeyote, awe jirani au daktari mwenye haraka, akutulize kwa jedwali la vyakula ikiwa unashindwa kumeza, unakonda bila kutaka, unatapika damu, au choo ni cheusi kama lami. Usingoje pia ikiwa una maumivu ya tumbo ya juu yanayodumu zaidi ya wiki mbili, au ikiwa damu imepungua bila sababu kujulikana. Vidonda vya tumbo havitokani na kuchanganya chakula. Vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, aliyegunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren huko Australia mwaka 1982, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Vingine huletwa na dawa za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini, zile tunazonunua dukani bila kuulizwa. Bakteria huyo hutibiwa kwa antibiotiki, si kwa kabeji. Na kwa kuwa nimeitaja chai, usiinywe ikiwa inachoma. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi digrii 65, katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani ya umio.

Yule mama mjamzito nilimwanzishia vidonge vya madini ya chuma, nikamwambia avimeze kwa maji au kwa juisi ya chungwa, asivimeze kwa chai. Nilimrudishia maharagwe, omena na ndimu. Baada ya wiki nane damu yake ilikuwa imefika 10.6, na hamu ya mawe ilikuwa imekwisha. Alijifungua salama mtoto wa kike. Kiungulia kiliondoka wiki ile ile aliyojifungua.

Siku aliyomleta mtoto kuchanjwa alipita ofisini akaniuliza kama sasa anaweza kunywa chai na mandazi asubuhi. Nikamwambia mandazi hayana chuma cha kupigania, anywe tu.